Mwaka Niliolipwa Kutazama Maji

Mwezi uliopita tulimzika Claire huko Houston. Alikuwa ameshapita miaka sabini, na mimi namfuata nyuma si kwa mbali, kwa hiyo nilichagua kiti cha mwisho kanisani, karibu na mlango, pale ambapo mtu mwenye magoti mabovu anaweza kunyoosha mguu bila kumkwaza mwenzake. Wajukuu zake hawakunijua. Mmoja aliniuliza kwa adabu nilikuwa nani kwa marehemu, nikamjibu kwamba zamani nilimtunza mama wa marehemu, akatabasamu vile watoto wa huku wanavyotabasamu wakikosa la kuongeza. Wakati wa kurudi mwanangu aliendesha, mkewe kando yake, mimi nyuma na mto wangu, na walipodhani nimelala wakaanza kusema kwa Kiingereza cha chini chini: kwamba Mama hawezi kuendelea kukaa peke yake Mansfield, kwamba kile chumba cha chini kina bafu lake, kwamba heri kulifanya sasa kabla hajaanguka. Nilizidi kufumba macho. Maneno hayo nilikuwa nayajua. Niliyasikia mwaka 2004, nimesimama na sinia la kahawa nyuma ya mlango wa watu, na tangu safari hiyo ya mazishi mwaka ule haujaniacha hata siku moja.

Wakati huo nilikuwa naishi Grand Prairie, chumba kimoja changu na kimoja cha Wambui, muuguzi Mkenya niliyekutana naye kanisani na akanipokea kama ndugu. Nilikuwa nimetoka kwenye ghala moja la Mesquite, kufunga maboksi, kazi iliyonipa mgongo huu nilio nao mpaka leo. Wakala mmoja wa watunza wazee alikuwa anatafuta mtu anayejua Kifaransa, jambo ambalo Texas si la kila siku, na Kifaransa changu cha shule ya masista wa Bukavu, ambacho hakikuwa kimenisaidia hata kununua chumvi tangu nishuke kwenye ndege, ghafla kikawa mali. Ndivyo nilivyofika kwa Madamu Odette. Nyumba yake ya Mansfield ilikuwa ya matofali kama zote za mtaa ule, nyasi zimekatwa, bendera ya jirani ikipepea, lakini ukifungua mlango wa jikoni ulikuwa umeingia nchi nyingine. Kahawa ilinywewa kwenye bakuli, na mkate ukachovywa humo humo. Adhuhuri, hata kama nje lami ilikuwa inayeyuka, palikuwa na supu ya moto ya vitunguu majani na viazi, na hukuondoka mezani bila kipande cha jibini lenye harufu ya soksi. Alikuja Texas kutoka Ufaransa baada ya Vita vya Pili vya Dunia, akimfuata mwanajeshi wa Kimarekani, mrefu, mwenye masikio makubwa. Mwanajeshi alikuwa ameshakufa, kofia yake ingali inaning'inia kwenye msumari, na Madamu aliisalimia kila asubuhi kisha akaanza kuitukana Texas: jua lake, mbu wake, mkate wake laini kama sponji. Nilimpenda tangu siku ya kwanza. Mtu anayenung'unika kwa ufundi namna ile hachoshi.

Mara mbili kwa wiki tulikwenda ziwani. Joe Pool haliko mbali na pale, limelala kati ya Mansfield na Grand Prairie, na aliponiambia mara ya kwanza kwamba tunakwenda kutazama maji, nilisubiri amalizie. Kutazama maji, halafu? Mimi nimekulia kando ya ziwa Kivu. Kwetu ziwa lilikuwa la kufua, la kuteka, la kuvuka, la kununua sambaza, wale samaki wadogo, asubuhi, na mtu aliyeonekana amekaa ukingoni akiyatazama maji tu, watu walimsogelea polepole kumuuliza kama ana tatizo. Sasa hapa nilikuwa nabeba viti viwili vya kukunja, mayai ya kuchemsha, nyanya, chumvi kwenye karatasi na kisu cha marehemu mumewe, ili tukakae tu. Kanisani nilichekwa mpaka nikazoea. Wambui aliwatangazia wote baada ya ibada, "Huyu analipwa by the hour kuangalia maji. Mimi nina-lift wagonjwa, yeye ana-lift miwani ya jua." Nikacheka nao, maana ilikuwa kweli. Tulikaa chini ya mti mmoja usio na kivuli cha maana, tukawatazama wavuvi wenye makopo yao ya bia, kasa waliopangana juu ya gogo, na vijana wa mashua za kasi waliopita na muziki wao na kutuachia mawimbi. Madamu alivua viatu, akapandisha sketi, akaingia mpaka magotini, akasema maji yana uvuguvugu wa supu iliyosahaulika. Kisha akanielimisha, kwa mara nyingine tena, kwamba hili si ziwa. Ziwa Mungu huliweka mwenyewe. Hili wanadamu waliziba mto, maji yakapanda, miti ikafa imesimama. "Hili ni karai la serikali, Faida," alisema. Lakini wiki iliyofuata alikuwa wa kwanza kuvaa kofia.

Kule karaini ndiko nilikofundishwa kuona, na sikujua kama nafundishwa. Kila tukifika aliniuliza maji yana rangi gani leo. Mwanzoni nilijibu kwamba yana rangi ya maji. Alikunja uso, akasema maji hayana rangi moja, nitazame tena. Nikatazama. Karibu na ukingo yalikuwa chai ya maziwa. Mbele kidogo yalikuwa kijani cha chupa, na mbali kule chini ya daraja yalimeta kama bati jipya. Baada ya mvua yalikuwa matofali matupu. Nikaanza kuyapima hata nikiwa peke yangu, nikiendesha kurudi nyumbani, nikitafuta neno nitakalompelekea siku ijayo, na nikashangaa kwamba nimeishi miaka arobaini na ushei kando ya maji na sijawahi kuyatazama. Yeye naye alinilipa kwa masimulizi. Alisema kwao, katika milima ya Jura, mashariki ya Ufaransa, maziwa yametapakaa kati ya misitu, kila moja na tabia yake, na nyumba yao iko juu ya moja, na kutoka mlangoni hadi majini kuna njia ya mizizi na mawe ambayo yeye na mdogo wake Lucienne waliishuka mbio kila asubuhi ya kiangazi. Nilimsikiliza kama ninavyosikiliza wote wanaosifu kwao, yaani nikipunguza nusu.

Macho yake yalikuwa na ule ugonjwa unaokula katikati na kuacha pembeni. Akitaka kukuona aligeuza kichwa upande, kama kuku anayepima punje, na mimi nilidhani kwamba kwa hila hiyo anaona vya kutosha. Claire, binti yake wa pekee, hakudhani hivyo. Alikuja kutoka Houston kila mwezi, mwanamke mwenye haraka na moyo mzuri, ameachana na mume, anafanya kazi ya watu wawili, na kila akija alikuta alama mpya ya bluu kwenye mguu wa mama yake, maana Madamu alikuwa akijikwaa kwenye zulia lake mwenyewe. Siku ile ya sinia la kahawa Claire alikuwa sebuleni akizungumza na rafiki yake kwa simu. Chumba cha chini kina bafu lake, alisema, nitakipaka rangi ya njano aliyokuwa akiipenda, heri sasa kabla hajaanguka. Hakuwa mbaya. Nasema hivyo kwa sababu niliposikia nilimchukia papo hapo, na chuki ile ilikuwa ya mtu anayeona kazi yake inayeyuka. Madamu alikuwa amekaa jikoni, na masikio yake yalikuwa mazima kabisa. Alingoja mpaka chakula cha jioni. Ndipo alipoweka kijiko chini, akasema atahamia Houston bila kubishana tena, lakini kwanza anataka kuliona ziwa lao mara moja, kabla macho hayajafunga duka. Claire alilia kidogo, akakubali. Wiki tatu za mwezi wa sita, pamoja na mimi, kisha mwezi wa saba kuhama. Pasipoti yangu ya Marekani ilikuwa na miezi michache tu, ningali naifungua kuinusa, na mimi niliyedhani itanipeleka kwanza Bukavu, ikanipeleka kutazama maji ya watu wengine.

Lucienne alitupokea kwenye kituo cha treni na gari dogo alilokuwa akiliendesha kama mtu aliyeliiba. Alikuwa mdogo kwa dada yake kwa miaka michache, mjane, mwembamba, mwenye mikono ya mkulima, na walipokumbatiana wakaanza kugombana hapo hapo kuhusu nani amezeeka. Nyumba ilikuwa ya mawe, na chumba changu kilikuwa juu ya jiko, sakafu ya mbao zenye nyufa, hivi kwamba asubuhi harufu ya kahawa na maneno ya wale wazee yalipanda pamoja. Walikuwa wakiongea kabla ya jogoo. Nani alivunja jagi la bibi. Padri yupi alikuwa akinywa. Kwa nini Odette aliondoka bila kuaga vizuri. Nilijifunika blanketi, mwezi wa sita, nikasikiliza kama redio. Na mezani, Mungu wangu, kulikuwa na soseji ya moshi juu ya viazi, saladi ya majani machungu, pande la jibini lililokatwa kama gogo, na divai ya njano niliyoikataa siku ya kwanza kwa ajili ya kanisa na kuikubali siku ya tatu kwa ajili ya adabu.

Lucienne alikuwa ametupangia matembezi kama mwalimu wa shule. Tulikwenda kwenye maporomoko ambapo mto unashuka mlima ngazi kwa ngazi, na katika ngazi moja njia inapita nyuma ya maji, tukasimama humo watatu tumelowa, hatusikiani, tukicheka. Tulikwenda kwenye pango baridi ambako jibini hulala kwa miezi kwenye rafu, na mzee mmoja akaligonga kwa kinyundo kidogo akisikiliza limefikia wapi. Tulikodi mashua ya kupiga pedali, mimi na Lucienne tukipiga, Madamu nyuma na kofia yake akitoa amri, na tulizunguka palepale kwa sababu mguu wa Lucienne ulikuwa na nguvu kuliko wangu. Kila mahali palikuwa na watu waliotoka mbali kuja kutazama tu, na fimbo za kutembelea, na viatu vizito, na watoto mgongoni. Sikuwashangaa tena. Nilikuwa mmoja wao, na nilikuwa na furaha ya wazi, ile ambayo mtu mzima huionea aibu.

Kisha tukapanda mahali watu wanapokwenda kuona maziwa manne kwa mara moja. Ni mwamba wenye kizuizi cha mbao, misonobari chini, na ng'ombe mahali fulani wakiliza kengele. Madamu alishika kizuizi. Aligeuza kichwa kushoto, akageuza kulia, akarudia, na sisi tukarudi nyuma kumpa nafasi. Watalii wawili waliomba samahani wakapita mbele yetu kupiga picha. Akageuza tena kichwa, na mkono wake ukaanza kunitafuta.

"Niambie," alisema.

Hapo ndipo nilipoelewa yale maswali yote ya rangi kule Joe Pool. Hakuwa ananifundisha, au hakuwa ananifundisha tu. Alikuwa ameacha kuona muda mrefu, labda tangu majira ya baridi, akaficha, kwa sababu angesema, safari isingekuwepo. Nilikuwa nimelipwa mwaka mzima kwa kazi hiyo, basi nikaifanya. Nikamwambia la karibu ni kijani cha majani ya muhogo yakiwa machanga, na ukingoni ni jeupe kama maziwa yaliyomwagika. La pili ni bluu, bluu ya wino wa shule. La tatu miti imelificha nusu, linachungulia. La nne ni jembamba na lina kivuli cha wingu, na wingu lenyewe linaondoka sasa hivi, ngoja, limeondoka. Akauliza mashua ngapi. Nikasema tatu, na moja ina watoto wanaogombania pedali. Akacheka kwa sauti. Lucienne alikuwa akipenga kamasi kwenye leso.

Asubuhi iliyofuata niliamka, nikashuka, nikakuta kitanda cha Madamu kitupu na fimbo yake imeegemezwa ukutani. Sijui nilitokaje nje. Nilishuka ile njia ya mizizi na mawe na ndala za Lucienne, nikianguka na kuamka, nikiomba kwa lugha zote nilizo nazo, na nilipofika chini nikamwona, kofia ya plastiki nyeupe ikielea katikati ya maji, anaogelea. Mkongwe wa miaka themanini, anayejikwaa kwenye zulia la Mansfield, alikuwa ameshuka pale peke yake bila mchubuko, na mimi mwenye macho mawili nilikuwa natoka damu kwenye goti. Lucienne alikuwa dirishani juu, akinionya kwa ishara ya mkono nisipige kelele. Baadaye aliniambia kwamba macho ya Odette yameondoka, lakini miguu yake haijawahi kuondoka hapa. Nilimngojea Madamu na taulo. Alitoka akitetemeka, midomo ya zambarau, akakaa juu ya jiwe alilolifikia bila kupapasa, na akaniambia bila mzunguko kwamba harudi.

Nilimtajia Claire, chumba, rangi ya njano. Nilimtajia dawa, daktari, majira ya baridi. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo alilokuwa halifanyi.

"Kule Houston nitakuwa kipofu," alisema. "Hapa sioni tu."

Nilijua ni kweli, maana nilikuwa nimeiona kwa macho yangu ikiogelea. Alisema atampigia Claire mwenyewe, na alipiga, mara tatu nilimsikia kupitia zile nyufa za sakafu, na mara tatu alizungumzia hali ya hewa. Mwanamke aliyevuka bahari kumfuata mtu asiyemjua alimwogopa mtoto wake wa kumzaa. Ndipo nikamwambia aache, nitaipeleka habari mimi. Kwetu habari kubwa hupelekwa kwa miguu. Alinibusu mashavuni, akarudia, na nilipopanda treni peke yangu nililia mpaka mtu wa tiketi akanipita bila kuniuliza kitu. Nililia kwa ajili yake, na kwa kazi yangu, na kwa hofu pia: nilikuwa nimekabidhiwa mama wa watu, na narudi mikono mitupu.

Wambui alinipokea uwanja wa ndege jioni ya Jumamosi. Alitazama nyuma yangu, akatazama tena, akaona mfuko wa jibini tu. "Ngoja kwanza," alisema. "Umeenda na mgonjwa, umerudi na cheese?" Njia nzima hadi Grand Prairie nilimweleza, na yeye akishika usukani kwa mikono miwili akarudia kwamba hapa ni America, mtu anaweza kuku-sue mahakamani hata kwa kumsalimia vibaya. Aliuliza kama Claire anajua. Claire alijua tunafika jioni ile na tutalala. Angepiga simu kesho yake, tukishapumzika.

"Habari ya vile hatusemaka ku telefone," nilimwambia. "Niko naenda Houston kesho, mapema kabla hajapiga."

Wambui hakubisha, kwa sababu hata kwao ni hivyo. Alichobisha ni mimi kwenda peke yangu. "Habari kama hiyo haipelekwi na mtu mmoja," alisema. "Tuta-drive wote, tukitoka church ya asubuhi. Na hatuendi mikono mitupu." Basi nikapika wali na nyama usiku huohuo, yeye akakaanga mandazi, tukajaza chai kwenye chupa kubwa ya moto, na asubuhi baada ya ibada ya kwanza tukashika barabara ya Houston. Wambui alikuwa mhudumu wa mlangoni siku hiyo, kwa hiyo alikuwa na suti yake nyeusi na viatu vyeusi. Mimi nilivaa kitenge cha kijivu kizito kama nyumbu na kilemba cheusi, maana nilitaka kuonekana mtu wa heshima. Tulisali kabla ya kutoka kwenye gari. Nawaapia, hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri tunavyoonekana.

Claire alifungua mlango akiwa na madoa ya rangi ya njano kwenye vidole. Alitabasamu, akatazama nyuma yetu kama Wambui alivyofanya uwanjani, na tabasamu likabaki usoni halina kazi. Aliuliza mama yake yuko wapi. Nilifanya kama nilivyolelewa. Nilimshika mikono yote miwili, nikamwambia kwa upole tuingie ndani kwanza, tuketi. Nikamuuliza kama kuna ndugu au jirani anayeweza kuja kukaa naye. Wambui alikuwa ameshapita kwenda jikoni na sufuria, akifungua makabati ya watu kutafuta vikombe, kwa sababu habari kubwa haiambiwi mtu mwenye tumbo tupu. Claire alituangalia sisi wawili, mmoja baada ya mwingine, kisha akateleza polepole ukutani mpaka akakaa sakafuni.

Nilidhani ameelewa. Nilidhani amesoma usoni mwangu kwamba mama yake hatakuja tena kukaa kwenye kile chumba, na kwamba hilo ndilo linalomuuma, na kwetu anayelia haulizwi, watu hulia naye. Nikakaa sakafuni kando yake nikamkumbatia. Wambui akatoka jikoni, akaona, akashuka naye kwa suti yake nzuri, akaanza kuimba wimbo wa kanisani chini chini. Claire alizungumza huku akilia. Alisema alikuwa amemwekea kitanda karibu na dirisha ili asikie ndege. Alisema alikuwa mkali mno juu ya lile zulia. Alisema ilipasa aende naye yeye mwenyewe, kwamba mama alimwomba mara ngapi waende wote wakati macho yakiwa mazima, na kila mara kulikuwa na kazi. Alisema walibishana miezi yote ile kuhusu Houston, na kwamba kama angejua, angemwacha aishi popote, hata juu ya mti, hata na Lucienne. Nililia naye kwa dhati. Niliwaza, huyu binti anatoa ruhusa kabla hajaombwa, Mungu ni mwema. Kisha akajifuta uso kwa ile mikono ya njano, akaniuliza kwa sauti ya mtu anayejikaza kisabuni mwili utaletwa lini.

"Mwili gani?" aliuliza Wambui.

Nilisikia jokofu. Nikaanza kueleza, Kiingereza kikanikimbia, nikaingia Kifaransa, nikasema yu hai, mzima, anaogelea, anakula soseji, anagombana na mdogo wake tangu kabla ya kukucha, ila amekataa kurudi na amekosa moyo wa kukuambia. Claire alinitazama mdomo wazi. Alinipiga begani kwa ngumi, na si kwa mchezo, akaniuliza ni watu wa namna gani tunaokuja nyumbani kwa mtu na nguo nyeusi na sufuria kumwambia kwamba mama yake anaogelea. Wambui alimjibu kwa heshima zote kwamba huo ndio utaratibu. Hapo kicheko kikamshika Claire, kile kicheko kinachotoka mahali pamoja na kilio, akacheka mpaka akalala sakafuni, na sisi tukacheka, na chai ikapoa.

Alipoweza kusimama alikwenda kwenye simu ya jikoni. Nilisimama karibu naye ingawa hakuniomba. Kule Ufaransa ilikuwa jioni, na simu iliita sana, halafu tukaisikia sauti ya Madamu ikipiga kelele kama ilivyokuwa desturi yake kwenye simu, kana kwamba anatuita kutoka ng'ambo ya ziwa. Alianza kueleza kwamba kumenyesha kidogo mchana lakini sasa kumetakata. Claire alimwacha aseme yote. Alikuwa ameegemea ukuta, amefumba macho, akiisikiliza ile mvua ya mchana kama mtu anayepewa maji. Mwishowe Madamu aliuliza ni kwa nini anamsikia akilia.

"Kwa sababu nimekuzika leo, Mama," Claire alisema. "Kaa popote unapotaka. Mradi nikipiga simu, upokee."